Paa Bapa la Mzee Henki

Jumanne, 18 Novemba
Basi ndo hivo, linavuja. Paa la yule babu Mholanzi, Mzee Henki. Hii nyumba ya wajawazito wanaosubiri kujifungua kaichora mwenyewe, kaisimamia mpaka tofali la mwisho. Nyeupe, madirisha marefu, paa bapa kama meza. Mimi mfagizi toka ifunguliwe mwezi wa sita. Mvua ya kwanza tu, ndoo nne. Bombani nimewavunja watu mbavu: mzungu katujengea beseni!

Alhamisi, 20 Novemba
Ndoo saba. Godoro moja limeoza. Mwenyekiti wa kijiji anataka paa la bati, la mgongo, kama nyumba za watu. Mzee Henki kafika kutokea Tunduma. Mguu unamsumbua.

Jumamosi, 22 Novemba
Mkutano. Mwenyekiti kasimama: "Shikamoo mzee wetu, lakini hii siyo nyumba, ni sinia." Tulicheka. Mimi kuliko wote.
Mzee hakucheka. Kasema pembeni kuna matundu manne ya kutolea maji, mbona hayatoi? Ngazi haiwezi. "Mama Atupele, nipandie, uniangalizie."
Nkapanda. Ziwa. Na matambara yangu yamo. Julai nilianika kahawa huko juu, jua safi, mbuzi hawafiki. Punje zikawa zinadumbukia kwenye matundu, nkayaziba na vitenge vikuukuu. Nkasahau. Mungu wangu, nkasahau kabisa.
Chini wote shingo juu. Nkaona kibarua changu kinaota nyasi.
"Yako wazi, mzee."
"Basi nimekosea mimi," akasema. Akawaomba radhi wajawazito, mmoja mmoja. Akanishika mkono. "Asante, mama. Wewe umeniambia ukweli."

Jumapili, 23 Novemba
Kanisani sikuimba. Jioni nkapanda nkachomoa matambara. Maji yameshuka yote kabla ugali haujaiva. Paa halina kosa. Mwongo mimi. Mwoga pia.

Jumatano, 3 Desemba
Mafundi wamemaliza. Bati linameta. Mzee karudi kwao Uholanzi juzi. Dereva wake kasema hachori tena, kalamu zote kamgawia yeye, wanawe wachezee. Watu wananisifu, eti niliona mapema kuwa paa bovu.
Namba yake ninayo. Toka asubuhi naandika "Mzee, yale matundu", nafuta. Sasa naandika te—
Nesi anaita. Mmoja uchungu umemshika, anataka maji ya moto. Naenda.