Unga wa Mawe kwenye Jino la Paskazia

Kizota,
Dodoma.
14 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Paskazia,

Marahaba, maana najua hata kabla hujafungua bahasha hii umeshaniamkia moyoni. Hujambo? Shemeji Fredy hajambo? Mama mkwe wako anaendeleaje na miguu yake? Na wewe mwenyewe, kile kichefuchefu kimekwisha? Mama ameniambia mimba sasa ina miezi mitano. Siku aliyopata habari hiyo alifurahi hadi akasahau chungu jikoni, tukala ugali na mlenda wenye harufu ya moshi, na hakuna aliyelalamika.

Sisi ni wazima, isipokuwa Mjomba Bartolomayo, na nitafika kwake. Mvua ilikatika mapema. Mtama wa kule Chamwino umebeba kidogo, ila uwele haukutuangusha. Kazini mashine bado inasaga yale mawe meupe, tunajaza unga wake kwenye mifuko kwa ajili ya watu wa rangi na watu wa gundi ya vigae. Vumbi ni lile lile.

Naona nazungukazunguka kama mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba. Hakuna msiba. Lakini tafadhali tafuta mahali ukae peke yako ndipo uendelee kusoma.

Unakumbuka wiki ile ya sendoff yako, tulipokuaga kabla ya harusi, mwezi wa tisa mwaka jana? Ulikuwa na tobo kwenye jino la mbele, ukawa unacheka umeziba mdomo kwa kiganja, na mpiga picha tulikuwa tumeshamlipa. Nikakwambia nimepewa dawa ya kuzibia na yule daktari aliyeniziba mimi. Paskazia, nilikudanganya. Daktari hakunipa kitu.

Ilikuwa hivi. Siku niliyozibwa jino langu nilimuuliza Daktari Hasani ile dawa yenye rangi ya jino ni kitu gani. Akanijibu bila kujua anaongea na nani: "Ni plastiki laini iliyochanganywa na unga wa mawe na vioo. Huo unga ndio mwingi, na ndio unaoipa ugumu." Nilitoka pale kifua mbele. Unga wa mawe! Mimi nina miaka tisa nasaga unga wa mawe, na bado watu wanapanga foleni kwake. Basi nikachukua unga wetu, nikauchekecha mara tatu kwa mtandio wa mama, nikauchanganya na ile gundi ya chupa mbili tunayoungia mawe ya makaburi yaliyovunjika. Na kwa kuwa meno yetu yamechorwa kahawia na maji ya kisima cha kwetu, nikatia chembe ya udongo mwekundu ili rangi ilingane. Ikalingana. Hata mama alipokukagua hakujua ni jino lipi. Nilijisifu sana, nakiri.

Mjomba alipoona picha zako, naye akataka. Nikamziba gego mwezi wa pili. Wiki mbili zilizopita alikuja nyumbani shavu limevimba hadi jicho limefumba, mwili unachemka, hata mate hawezi kumeza. Tukamkimbiza kwa Daktari Hasani. Daktari akachungulia, akauliza, "Nani amekuziba hapa, mzee?" Mjomba, pamoja na maumivu yote yale, akaninyooshea kidole. "Ni huyu mpwa wangu. Ni fundi mzuri, usimgombeze." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Daktari hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alinikalisha akanieleza taratibu. Unga wao husagwa hadi chembe zake hazionekani kwa macho, na kila chembe hupakwa dawa ya kuishikamanisha na ile plastiki. Wangu kwa jino ni mchanga tu, unalikwangua jino linalokutana nao. Wao huchimba uozo wote kwanza, mimi niliufunika ukiwa mle mle. Gundi yangu si ya kuweka mdomoni, na wala haikulishika jino sawasawa. Iliacha upenyo, chakula kikaingia chini, jino likaendelea kuoza kimyakimya hadi kwenye mzizi. Mjomba hakusikia maumivu hata siku moja mpaka usiku ule alipovimba. Alilazwa siku nne, gego wameling'oa, na hadi leo anakunywa uji.

Tangu hapo sili nikashiba. Nikiwasha mashine nakuwaza wewe, na mtoto aliye tumboni, na jino lile ambalo haliumi. Afadhali lingekuwa linauma.

Jumapili nilipiga simu. Nikasikia mmeiweka kwenye spika, nyumba nzima inacheka. Nikauliza jino likoje, ukasema liko imara, hata muwa unang'ata. Halafu ukaniambia mama mkwe wako anajiandaa kupanda basi aje Dodoma, nimzibe na yeye. Nikasingizia chaji imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Bahati nzuri Mwalimu Hana, anayefundisha pamoja na shemeji, yuko hapa tangu juzi kufuatilia uhamisho wake, na kesho anarudi huko Katavi. Barua hii nampa mkononi, akupe wewe na si mtu mwingine.

Sasa sikia, mdogo wangu. Nenda hospitali Mpanda wiki hii hii, usisubiri liume. Kabla daktari hajafanya lolote mwambie una mimba. Kisha mwonyeshe kwa kidole chako, la mbele la juu, upande wa kushoto. Usimwachie alitafute, kwa sababu hatalitambua. Nililinganisha rangi vizuri mno. Daktari Hasani anasema hata kwenye picha ya eksirei jino nililoliziba mimi litamchanganya, maana wao huongeza kioo maalumu kinachotokea cheupe kwenye picha, na mawe yetu hayana kitu hicho. Kwa hiyo ndani ya bahasha nimekunja karatasi yenye unga kidogo, na juu yake nimeandika jina la gundi kama lilivyo kwenye chupa. Mpe daktari vyote viwili. Usiumwage, na usimpe mtu mwingine auchezee.

Mama mkwe wako asije. Kama unaona vigumu kumweleza, nitampigia mwenyewe, hata mkiniweka kwenye spika. Aibu ni yangu, wewe usiibebe.

Mama bado hajui kuwa jino lako nililiziba kwa unga ule ule. Anajua za Mjomba tu. Picha yako ya sendoff ameitundika sebuleni, umecheka meno yote nje, na kila mgeni anaisifia. Mimi siku hizi nakaa kiti cha upande wa pili ili niipe mgongo. Leo nikimaliza kuandika nitamwambia.

Msalimie sana shemeji Fredy. Msalimie mama mkwe wako kwa heshima zote, na wifi yako Yasinta. Mama anakusalimu, anasema unywe uji wa ulezi na usibebe ndoo. Mjomba naye anakusalimu, anasema hana kinyongo na mimi. Nimemwamini, ila sijatulia. Mungu akufunike wewe na hicho kiumbe, awafikishe salama siku ya kujifungua.

Najua utanikasirikia, na una haki. Nikasirikie ukishatoka hospitali. Na daktari akikuuliza ni nani aliyekufanyia hivi, usiseme hujui, na usiseme ni fundi wa mtaani aliyehama. Nakufahamu, utataka kunificha. Mtaje kaka yako, kwa jina lake.

Ni mimi ninayekupenda, na ninayekuogopea kila saa,
Thobias