Mita Kumi na Tano

Jumatatu, 2 Mei 1994

Baba mdogo Ambindwile ameikata migomba ya Mama. Kumi na mmoja! Nimerudi kutoka shule nikaikuta imelala chini, mingine na mikungu yake michanga. Eti ipo upande wake, anataka kupanda chai. Tangu wanunuzi binafsi waanze kupita na malori, kila mtu hapa Masukulu anaota chai tu.

Nimemwambia Mama, jiwe la mpaka la juu halikuwa pale. Lilikuwa kule karibu na nyumba yake. Lilihama mwaka ule Baba alipofariki, hata matanga hayajaisha. Mama kasema ninyamaze, huyo ndiye baba yangu sasa.

Baba yangu! Nitamfanyia kitu ambacho hatakisahau.

Jumanne, 3 Mei

Leo Mwalimu Hezron kafundisha nukta ya kati. Unajumlisha eksi mbili, unagawa kwa mbili. Wai vilevile. Nilikuwa nasinzia. Halafu akasema: hata kama kati ya A na B kuna mlima, hupiti, ukijua koodineti zao unajua katikati ni wapi.

Usingizi ukaisha!

Babu aligawa shamba mbele ya wazee. Wana wawili, kila mmoja nusu — juu nusu, chini nusu. Kijiji kizima kinajua. Ila huko juu nani apime? Nyumba ya Baba mdogo na zizi lake vimekaa kwenye mstari wenyewe kati ya kona na kona, kamba haipiti. Ndiyo maana ana kiburi.

Sihitaji kupita kwake. Nitapima kutoka barabarani.

Alhamisi, 5 Mei

Nimemfuata Mwalimu baada ya kipindi. Shambani mtu anapataje pembe mraba bila vifaa? Kasema nichukue kamba ya mita kumi na mbili, nifunge mafundo kila mita, niivute iwe pembetatu: tatu, nne, tano. Kona ya tatu na nne ndiyo hiyo. Akauliza ni ya nini. Mazoezi, nikasema. Akanitazama sana. Kisha akanipa karatasi mbili za grafu, zake mwenyewe.

Njiani nimekutana na Baba mdogo. Nikapiga magoti kabisa, shikamoo. Marahaba mwanangu, soma kwa bidii uje utusaidie.

Nasoma, Baba mdogo. We subiri.

Jumapili, 8 Mei

Nimejisingizia tumbo. Wote kanisani, na yeye mzee wa kanisa, harudi kabla ya saa nane. Tusekile, mtoto wa jirani, tunasoma wote, kanishikia kamba. Barabara ndiyo mhimili wa eksi. Kona yetu ya chini ndiyo sifuri.

Kona yetu ya juu: (10, 40). Kona yake ya juu: (74, 88) — tulipanda na kijia cha nyuma ya shamba lake, mbwa akatubwekea mpaka Tusekile akataka kukimbia. Jiwe: (30, 55).

Haya sasa. 10 na 74 ni 84, nusu yake 42. 40 na 88 ni 128, nusu yake 64. Jiwe linatakiwa liwe (42, 64). Yaani mlangoni pa zizi lake!

Na umbali? 42 toa 30 ni 12. 64 toa 55 ni 9. 144 jumlisha 81 ni 225. Kipeuo cha pili — 15! Haina hata desimali! Mita kumi na tano amebeba jiwe, huku akituongozea sala za msiba. Nimecheka peke yangu shambani kama kichaa.

Halafu Tusekile akauliza, na jiwe la chini je? Tukapima, pale barabarani ni rahisi. Upana wote 80, nusu yake 40. Jiwe lipo 46.

Tukarudia. 46.

Yaani huku ni sisi tumeingia kwake mita sita. Nani alilisogeza? Baba?

Nimeifuta ile 46 kwa ufutio mpaka karatasi ikataka kutoboka. Tusekile nimemwapisha asimwambie mtu. Sita si kumi na tano!

Jumatano, 11 Mei

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Lazaro, amekubali mpaka upimwe. Jumamosi, shambani, mbele ya wazee.

Mama kaniuliza nimepima wapi. Juu. Juu tu? Juu tu, Mama. Akageukia moto, akasukuma kuni ndani.

Jumamosi, 14 Mei

Naandika kibarazani kwa Baba mdogo. Mvua.

Yote yalikwenda nilivyotaka! Nilipima upya mbele yao, nikataja namba, Mwalimu Hezron akahakiki hesabu. Kigingi kikachomekwa mlangoni pa zizi. Wazee wakaguna. Mmoja akamwambia, Ambindwile, ng'ombe wako wanalala kwa marehemu. Watu wakacheka. Nilimtazama usoni nisipitwe na chochote. Utamu!

Akavua kofia. Mmenipima, sawa, akasema. Sasa pimeni na chini. Kasema kaka yake ndiye aliyeanza, yeye akanyamaza asimwaibishe. Kaka alipokufa akachukua chake — na akazidisha, hilo hakatai.

Mzee Lazaro akamuuliza Mama. Mama akatazama miguu yake. Sijui, akasema.

Mama anajua.

Ndipo mvua ikashuka, tukakimbilia hapa. Baba mdogo kanipa kigoda chake. Kaa mwanangu, karatasi yako isilowe. Namchukia zaidi kwa hicho kigoda! Nilitaka alie. Nilitaka arudishe zote kumi na tano, avunje zizi kwa mikono yake, na jina la Baba libaki safi.

Wazee hawahesabu mafundo, wanasikiliza ninavyotaja mimi tu. Nikiruka mafundo sita, jiwe litasomeka 40, nani atajua? Mwalimu anapanguza miwani. Tusekile hanitazami.

Mvua inakatika. Mzee Lazaro anaita, Tupokigwe, lete kamba, anzia kwenye kona yenu.

Ncha ya pili ameshaishika Baba mdogo mwenyewe. Amesimama kwenye matope, anasubiri nianze kuhesabu.