Kwa Lupakisyo Mwaisaka, Aliyekijibu Chuma kwa Piano

Baba Irine, mwaka umetimia tangu mto ukuchukue hapa Kilosa, mchana kweupe, jua likiwaka.

Ulipostaafu ufundi wa breki za mabehewa, wenzako walianza kufuga kuku. Wewe ukaamua kujifunza kupiga solo za jazi kwenye piano kuukuu uliyoitoa Mamboya. Miaka thelathini ulipiga nyimbo za kanisani kwa noti, hukukosea. Jazi ikakutoa jasho, maana solo yake haijaandikwa popote, mtu anaibuni hapo hapo. Wiki ya kwanza ulikaa mbele ya piano umeduwaa, tukakucheka, ukacheka na wewe.

Kisha ukapata njia yako. Mkono wa kushoto ulishika mwendo, wa kulia ukawa unajibu kila sauti iliyopita dirishani: honi ya muuza samaki, treni, watoto wa jirani. Binti yetu Irine ukamfundisha vivyo hivyo. Nilikuuliza, "Hivi hata mbuzi akilia unamjibu?" Ukaniambia, "Mama Irine, si kaniita? Nikae kimya?" Ndivyo ulivyokuwa, hukujua kumnyima mtu jibu.

Siku ile mimi na Irine tulikuwa Mikumi kwa kaka yake, Obed. Mvua ilikuwa imenyesha Lumuma, kule juu milimani, kutwa nzima ya jana yake, na maji ya huko hutufikia huku kwetu kukiwa kukavu. Jirani yetu Cleopa akagonga kile kipande cha reli tunachokigonga mto ukija. Piano yako ikamjibu. Akagonga tena, ukajibu tena, vizuri kabisa. Cleopa akasema mzee kasikia, anatoka. Akawabeba wanawe akakimbia. Hatumlaumu.

Wewe ulikuwa unajirekodi kwa simu. Ukamtumia Irine kipande hicho, chuma kikisikika na piano ikikijibu, ukaandika chini yake: "Mwanangu, sikia leo nilivyoweza." Hukutuma kingine.

Irine anakisikiliza kila siku. Amenunua kinanda cha umeme, amekiweka chumba kile kile, chini ya alama ya tope iliyobaki ukutani, usawa wa kifua. Anasema lazima aimalizie solo ya baba yake. Juzi nilimwita aje kula, mara tatu. Mara zote tatu alinijibu kwa kinanda. Nilishikwa na hofu, nikaacha chungu jikoni kikaungua.

Sasa masika yameanza, na Lumuma kunanyesha tangu jana. Nisamehe, Baba Irine. Leo asubuhi nimekipakia kinanda kwenye basi, kimekwenda Mikumi kwa Obed. Irine amesusa chakula, hasemi nami, yumo mle chumbani anagongagonga meza kwa vidole. Nje jua ni kali. Nimeweka kiti changu mlangoni, na begi lake la nguo liko miguuni pangu. Kikigongwa chuma simwiti, namvuta mkono. Aninunie tu, mradi yuko hai.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Gaudiosa, wanao Obed na Irine, mkweo Winnie, dada yako Anastazia wa Kidodi, na jirani yako Cleopa, ambaye hajakosa kuja kutujulia hali hata Jumapili moja.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Mwombee Irine.