Juisi ya Ndizi Haifungwi kwa Nguvu

Jumatatu jioni, Ijuganyondo. Jua la kiangazi, lile tunaloliita ekyanda, limetuchoma kutwa nzima, na vumbi la barabara limekaa juu ya majani ya migomba kama unga juu ya ubao wa chapati. Nyumba imerudi kuwa kimya. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, basi naiweka hapa.

Kwa wasionijua, mimi ni Ta Projesti, mzee wa darasa la sita. La saba lilinitafuta likanikosa, nilikuwa nimepanda mti kula mapera. Ukurasa huu alinifungulia binti yangu Koku ili nisimpigie simu kila nikikumbuka jambo. Naandika kwa kidole kimoja. Ukiona herufi imekaa vibaya, laumu kidole, mwenyewe ni mzima.

Mwezi uliopita mke wangu, Leokadia, aliteleza kibanjani, kwenye migomba yetu, akavunjika mkono wa kulia. Hospitali wakamfunga hogo, ile plasta ngumu inayomfanya mtu aonekane amebeba mzigo wa mwenzake. Siku hiyohiyo nikapandishwa cheo. Nikawa mpishi, mfagizi, mfua nguo na msemaji wa nyumba.

Nikatoa amri. Nikamwambia, "Mama Koku, wewe kaa hapo kwenye kigoda. Jiko lina mwenyewe mpya. Usinisemeshe nikiwa kazini."

Akatii.

Miaka yote tangu tuoane sikuwahi kumwona akitii, na ningekuwa na akili ningeogopa.

Lakini nimejifunza mambo, na kwa kuwa wanawake wanaosoma hapa mnapenda maujanja ya nyumbani, nawagawia bure. Kabla ya kumenya ndizi, paka mikono mafuta ya kula, utomvu hautakung'ang'ania. Ukishamenya, zitupie kwenye maji palepale, la sivyo zitakuwa nyeusi na wageni watadhani umepika viatu. Sufuria ikiungua usiikwangue kwa kisu kama mimi nilivyofanya na ile ya harusi yetu. Iloweke na majivu, ulale, asubuhi yaliyoungua yatabanduka yenyewe. Pasheni usizisage na mbegu, juisi itakuwa chungu. Mchaichai uchemshe na tangawizi iliyopondwa, uache upoe kwenye mtungi, umkamulie ndimu anayetoka juani. Huyo hatauliza tena soda iko wapi.

Haya yote niliyapata kwa kuunguza kwanza. Leokadia alikuwa ananitazama kutoka kwenye kigoda, kanyamaza, midomo kaibana. Nilidhani ni maumivu ya mkono.

Wiki iliyopita Koku akafika kutoka Dar na mumewe Elisha na wajukuu zetu wawili. Walikuja kwa gari lao, wakilala njiani, watoto wakihesabu ng'ombe mpaka wakaishiwa hesabu. Nikafurahi. Kumbe binti amekuja na lake. Alifungua kabati, akanusa kopo la maziwa, akaiona ile sufuria niliyoikwangua, akafunga kabati polepole kama mtu anayefunga jeneza.

"Tata," akasema, "Mama tunaondoka naye. Atakaa kwetu mpaka apone."

Nikamjibu sawa, halafu nikasema nakwenda nyuma kumwangalia mbuzi. Hatuna mbuzi.

Nilisimama kule nyuma nikitazama migomba. Sote hapa tunajua habari ya "mpaka apone". Mzee akienda Dar kutibiwa mkono, anafuatiwa na presha, halafu macho, halafu meno, halafu mjukuu wa kulea, halafu unamwona kwenye simu amekaa kwenye kochi, anakupungia kama mbunge. Sikutaka mke wa kwenye simu. Lakini mzee mzima atasemaje mbele ya binti yake kwamba anaogopa kula peke yake?

Leokadia naye hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu kwamba kabla ya lolote anataka kwenda kwao Buganguzi, kule Muleba, akamsalimie kaka yake, Ta Novati. Koku akakubali, twende wote Jumamosi, iwe safari ya familia. Hapo nikaona mlango wangu. Nitakamua omuramba, juisi yetu ya ndizi, tunywe njiani. Binti ataonja, ataona baba anaweza kuendesha nyumba, atarudi Dar na wanawe tu.

Ijumaa nikamenya embire, ndizi za juisi, zilizoiva vizuri, nikazikamua na nyasi kwenye beseni mpaka povu likapanda na juisi ikatoka tamu, ya rangi ya asali. Nikachuja. Nikatafuta dumu. Lililokuwepo lilikuwa na historia. Lilibeba rubisi, ile pombe ya ndizi na mtama, kwenye harusi ya jirani. Nikalisuuza kwa maji ya baridi, nikanusa, nikaona safi. Siku hizi najua kwamba pua ya mnywaji haifai kuwa shahidi. Dumu la namna hiyo huunguzwa kwa maji ya moto, na juisi ya ndizi haifungwi kwa nguvu. Mdomoni unasokota jani la mgomba unalichomeka, ipumue. Mimi nikaweka kifuniko, nikakikaza, nikaomba na kitambaa ili nikikaze zaidi. Nilitaka isimwagike kwenye gari la mkwe.

Leokadia alikuwa palepale kwenye kigoda, ananitazama.

Jumamosi tukaondoka. Elisha anaendesha, Koku pembeni yake, mimi na Leokadia na watoto nyuma, dumu kwenye buti nyuma ya shingo zetu. Kemondo tukasimama kununua samaki. Koku akabishana na muuza samaki kama hajawahi kuishi Dar, na gari likabaki juani limefungwa vioo. Tukaingia, tukaendelea. Watoto wakaanza kudai juisi ya babu. Nikawaambia subirini, vitu vitamu havina haraka.

Havina haraka, ila vina kelele.

Ulisikika mlio mmoja, paa! Kifuniko kikagonga dari, na omuramba ikaja kwetu kama imetumwa. Watoto wakapiga yowe. Elisha akakanyaga breki. Koku akageuka, povu linamchuruzika kwenye zile nywele alizosukwa kwa siku nzima, akaniangalia bila kupepesa.

Ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aanguke. Leokadia anacheka. Anacheka mpaka ameushika mkono mbovu kwa mkono mzima, machozi yanatoka.

"Nilikuona ukikaza," akasema. "Mpaka ukaomba kitambaa!"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Si uliniambia nisikusemeshe ukiwa kazini?"

Tukafuta tulivyoweza, tukaendelea na safari. Kabla ya kufika Muhutwe askari wa barabarani akatusimamisha. Akainamia dirisha la Elisha, akavuta pumzi, akanyooka. Niwaambie kidogo kuhusu mkwe wangu huyu. Ni mtu wa Iringa, mlokole. Kwao kuna ulanzi, pombe ya mianzi, tele, yeye hata kikombe chake hajakigusa.

"Dereva, umekunywa nini?"

"Afande, mimi sinywi hata soda nyeusi."

"Gari lote linanuka kilabu."

Nikaona nimsaidie mkwe. "Mwanangu afande, hii ni juisi. Jana ilikuwa juisi kabisa."

Akawatazama watoto waliogandana nywele, akalitazama hogo. "Na huyu mama, naye kaumizwa na juisi?"

"Bado, mwanangu," Leokadia akamjibu. "Mzee ndiyo anaendelea kujaribu."

Askari alicheka mpaka akaishikilia kofia yake. Elisha akapuliza kidude chao, kidude kikakaa kimya kama sista kwenye mafungo, tukaruhusiwa. Elisha hakunisema neno. Namshukuru kijana yule. Mkwe mwingine angenishusha pale nikatembea.

Koku ndiye aliyesema, tulipokuwa tumeshaiacha lami ya Muleba. Alisema kwa upole, na afadhali angefoka.

"Tata, mtu anayeshindwa kufunga dumu, mgonjwa atamweza?"

Nilitazama nje mpaka Buganguzi.

Kwa Ta Novati tulipokewa kwa salamu ya "kasinge waitu" na maji ya kunawa, mengi, maana tulikuwa tunanata. Sasa hapa lazima mnielewe vizuri. Ukweni kwetu mkwe hana mdomo. Hata uwe na mvi mpaka kwenye nyusi, ukiingia kwa shemeji yako mkubwa unakuwa kijana, unakaa ulipoonyeshwa na kusema ulichoulizwa. Na mimi mali yangu yote iko mdomoni. Nikakalishwa kwenye jamvi upande mmoja na Elisha, wakwe wawili, mmoja mzee mmoja kijana, tunanuka rubisi sawasawa.

Ebitoke, ndizi zetu za kupika, vikaletwa kwenye majani, vinatoka moshi, na maharage, na wale samaki wa Kemondo. Tukala, Leokadia kwenye ncha ya jamvi, karibu yangu. Tulipomaliza Koku akaeleza shauri lake mbele ya mjomba wake. Akalieleza vizuri sana, mtoto amesoma. Hospitali ziko karibu, msaidizi wa kazi yupo, mama atapumzika. Na Baba, jamani, tunampenda, ila leo mmemnusa wenyewe.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ukweni huwezi kununa.

Nilikuwa na maneno mia, na hakuna hata moja nililoruhusiwa kulitoa. Elisha aliona. Akanisogezea kikombe cha maji, basi, ndilo aliloweza na yeye.

Ta Novati akachokonoa meno kwa muda. Halafu akauliza, "Na mwenye mkono anasemaje?"

Kumbukeni, wasomaji, tangu Koku afike hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hata mimi. Nilikuwa nimeshughulika kukamua ndizi.

Leokadia akajiweka sawa. "Kaka, kule Dar nitakaa kwenye kochi nitazame televisheni. Hapa nakaa kwenye kigoda namtazama huyu akiunguza. Kote ni kutazama. Ila hii ya nyumbani naweza kuikemea."

"Lakini Mama, unaumwa," Koku akasema.

"Naumwa mkono, mwanangu. Ninyi mnataka kunihamisha mzima." Akamgeukia, akashusha sauti. "Mwezi mzima ameniamsha kwa chai. Chai mbaya! Lakini hajaniruka siku hata moja. Ananikatia ebitoke vidogovidogo, ananiwekea kushoto, na hakuna aliyemfundisha. Angalia hapo mbele yangu, nani kakata?"

Watu wakaangalia jani. Na mimi nikaangalia. Vipande vilikuwa vimekatwa, vimepangwa kushoto kwake. Naapa sikukumbuka kuvikata. Mikono ilifanya yenyewe wakati mimi naogopa.

Ta Novati akasema, "Basi mwenye mkono amesema." Akaagiza kahawa za kutafuna, na ikawa imekwisha.

Koku alilia kidogo usiku ule. Leokadia akakaa naye, mimi nikakaa mbali, kwa mara ya kwanza bila kudanganya kwamba kuna mbuzi. Binti yangu hakuja kuninyang'anya mtu. Alikuja kwa sababu anampenda mama yake, akavuka nchi nzima na watoto kwenye gari, na mimi nikamlipa kwa kumwosha nywele na povu. Hilo nalo ni la kushukuru, kuwa na mtoto anayekuja. Kuna wazee hapa jirani ambao hawana hata wa kugombana naye.

Jana tulirudi nyumbani, na asubuhi ya leo wameondoka. Elisha alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia, "Baba, utamu wenyewe sikuuonja, ila harufu nitaipeleka mpaka Dar." Mlokole na utani! Nimekuwa nikimdharau bure.

Wakola, yaani asante, Elisha. Wakola, Koku. Wakola muno, Mungu, kwa mkono uliovunjika peke yake, shingo ukaiacha.

Nimeifuta ile amri. Sasa Leokadia ananisemesha kazini bila kupumua: chumvi bado, moto mwingi, funika, funua, wewe mzee umelala? Nimemwambia alipokuwa ananyamaza nilikuwa napika vizuri zaidi. Kanirushia kitambaa kwa mkono wa kushoto. Kalenga.

Limebaki jambo moja. Siku zote hizi alizokuwa hapa, Koku ndiye aliyekuwa anamwosha mama yake nywele. Wakati anaingia kwenye gari akaniambia kazi hiyo sasa ni yako, Tata, maji yawe vuguvugu, na sabuni isimwingie machoni. Nimesema ndiyo, kwa sauti ya mtu anayejua.

Kesho asubuhi ndiyo zamu. Mvi zile nimezitazama miaka yote kutoka upande wangu wa kitanda, lakini kuziosha sijawahi. Mtu anaanzia wapi, mbele au kisogoni?