Kipande Kinacholala

Jumapili, 8 Novemba
Kifunguamimba wangu kaniletea chai yenye sukari kupita kiasi, nikajua pana ombi. Anataka kujenga kwenye kipande cha juu. Eti kiko bure. Bure! Tuna vipande vitatu: kila mwaka viwili tunalima, kimoja tunakilaza kipate nguvu. Mwaka huu zamu ya kulala ni ya hicho cha juu. Lakini nitamlaumuje? Yeye, mumewe na watoto wanalala sebuleni kwangu, na tumbo limeshaanza kumtangulia mlangoni. Nikamwambia tutaona. Kwangu mimi, tutaona ni ndiyo yenye haya.

Jumatano, 11 Novemba
Nimekwenda kwa shemeji kuomba kiwanja. Akacheka. Wanawe wamejenga hadi ukutani kwake; akipiga chafya, jirani anamwambia afya. Kisha akasema udongo wa kipande cha juu ndio uliommaliza kakake mgongo. Najua. Pale palikuwa jiwe tupu. Marehemu alibeba mwani kutoka ufukweni, akachanganya na majivu na samadi, miaka nenda miaka rudi, mpaka jembe likapata pa kuzama. Nilikuwa namtania: hivi umenioa mimi au shamba?

Jumamosi, 14 Novemba
Fundi kaja kupiga kamba za msingi. Nikamwomba tuuhamishe udongo wote kwanza. "Mama, unajenga au unahama?" Mkwe wangu naye kacheka, lakini kashika koleo. Mimi nilibeba makarai mawili, kisha nikawa msimamizi. Magoti.
Shida ni pa kuupeleka. Vipande viwili vina mihogo na kunde mpaka ukingoni. Nikimwaga huko nafukia chakula chetu. Tumeurundika njiani.

Jumatatu, 16 Novemba
Wingu zito tangu asubuhi. Jirani wa chini analalamika hana pa kupita. Ana haki. Na njia ile ina mteremko — mvua moja tu, udongo wote utaishia baharini.
Fundi na mkwe wamefika kwenye jiwe. Jeupe, safi, kama marehemu alivyolikuta.
Binti yangu kakaa kando ya rundo, analia kimyakimya. "Mama, sikujua ni mwingi hivi." Nikamwambia anyamaze, atauloanisha kabla ya mvua. Akacheka, akaendelea kulia.
Fundi kauliza tuuweke wapi. Nimezunguka nyumba yote. Hakuna.
Matone yameanza. Nimeingia sebuleni, naondoa magodoro ya watoto, udongo upate pa kulala —