Jino Lisilo na Tundu

Kanoni, Karagwe
12 Februari 1954

Mjukuu wangu Yustus,

Huna haya hata kidogo! Naanza na hilo, salamu zitafuata.

Miaka minane umeng'oa meno ya watu pale Bukoba. Kutoka hapa Kanoni hadi Omurushaka, mtu akisumbuliwa na jino anasema, "Nipelekeni kwa Yustus wa Kokuberwa, ukifumba macho ukifumbua limeshatoka." Kanisani wananipisha benchi la mbele kwa ajili yako. Leo nasikia kwa mdogo wako Kemilembe kwamba umepanda meli ukaenda Kampala, umeketi tena darasani kama mtoto wa katekisimu, unafundishwa ufizi. Ufizi! Ile nyama! Miezi sita! Mganga wa meno mzima anakwenda kusomea nyama ya kushikia meno. Nimetema mate.

Haya, hujambo? Mimi sijambo. Kifua safi, miguu inanifikisha kisimani na kunirudisha. Kahawa imechanua vizuri mwaka huu.

Naandika mwenyewe, tena Kiswahili, kwa sababu Xaveria jirani yetu anayenipelekea barua Omurushaka hufungua kila bahasha, na Kiswahili hakijui. Kwa hiyo ukijibu, jibu Kiswahili. Tena ujibu kwa nini umenifanyia hivi.

Mimi Bibi yako,
Kokuberwa


Kampala
3 Machi 1954

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo Bibi. Nimefurahi kusikia u mzima. Mimi pia mzima, isipokuwa baridi ya asubuhi na chakula cha bweni.

Bibi, usinikasirikie. Tuko tisa hapa, na wote tumefanya kazi ya meno miaka mingi. Siku ya kwanza mwalimu alituuliza: "Katika meno mliyong'oa, mangapi hayakuwa na tundu?" Mimi nilikumbuka ndoo yangu ya Bukoba. Karibu nusu yalikuwa meno mazima, meupe, yamelegea tu. Nilikuwa nayatupa na watu wananishukuru.

Wewe ndiye uliyenifundisha: mgomba ukianguka na mkungu mchanga, usiulaumu mkungu, chimba shina. Ndivyo ilivyo kinywani. Ukoga ukikaa sana kwenye jino unakuwa mgumu kama jiwe. Unashuka chini ya ufizi, ufizi unavimba, unatoka damu, kisha usaha, harufu inaanza, na mfupa unaoshika jino unaliwa polepole bila maumivu. Tunajifunza kukwangua ule ukoga mpaka chini. Wiki ya kwanza tulikwanguana sisi kwa sisi, na kila mmoja aliambiwa anuse alichotoa kwa mwenzake.

Sasa nisamehe, nitauliza. Ukipiga mswaki, hutoki damu? Krismasi tulipokula pamoja niliona unatafuna upande mmoja.

Mjukuu wako,
Yustus


Kanoni
25 Machi 1954

Yustus,

Salamu nyingi, na laiti ungeishia kwenye salamu na wewe. Barua yako ilinikuta ninakula. Sahani nimempa mbwa.

Usaha! Kunusa! Nilikubeba mgongoni kutoka Rugu mama yako alipokufa, nikauza mbuzi wawili upate viatu vya shule, kumbe nilikuwa nalea mtu wa kunusa vinywa vya wanaume wenzake. Ng'oa jino, tupa, nawa mikono, basi. Hiyo ni kazi ya mwanamume. Hii ya kukwangua uchafu wa watu kama anayekwangua sufuria, kinyaa kinanipanda mpaka kwenye nywele.

Na kinywa changu usikiulize. Mwanamke wa umri wangu haulizwi kinywa. Meno yangu yapo, natafuna upande nipendao, kinywa ni changu si cha serikali. Wewe nakuita mume wangu kwa utani, usije ukajisahau ukadhani una ruhusa ya kunifunua.

Sasa habari njema, ingawa hustahili. Kemilembe ameposwa. Kijana ni Pastory, mtoto wa Melkiory wa Rugu, watu wenye shamba zuri na mdomo mrefu. Wanakuja kumaliza maneno katikati ya Juni. Baba yako hayupo, babu yako hayupo, kwa hiyo kahawa ya wakwe nitapasua mimi, kwa meno yangu. Kemilembe amekwisha anza kushona foronya. Anaimba kutwa, ananikera.

Bibi yako


Kampala
20 Aprili 1954

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nampongeza Kemilembe. Mwambie atapata kitambaa cha Kampala.

Bibi, hukusema kwamba hutoki damu. Ulisema tu nisiulize. Mimi sasa wagonjwa wangu wote hujibu hivyo hivyo.

Nakuomba kwa magoti: kahawa apasue Mjomba. Ile kahawa ya kutafuna ni ngumu, na jino lililolegea halipendi kitu kigumu. Sukutua maji ya chumvi asubuhi na jioni mpaka nirudi. Jibu hata kwa mstari mmoja.

Mjukuu wako,
Yustus


Kampala
30 Juni 1954

Bibi,

Shikamoo. Sijapata jibu tangu Machi. Maneno ya Kemilembe yameishaje? Kuna mtu anaumwa nyumbani? Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Yustus


Kanoni
9 Julai 1954

Yustus,

Hujambo. Mimi sijui kama sijambo. Pamoja na barua hii kuna kiberiti. Usikifungue mbele ya watu.

Umefungua? Ndilo hilo. Ni la chini, la mbele. Ligeuze, litazame pande zote. Tundu liko wapi? Hakuna. Sikujua mtu anaweza kulikasirikia jino kwa kuwa zima.

Nitakueleza mara moja, sitarudia. Walikuja Melkiory, Pastory na wazee wanne. Pombe ya rubisi ilikuwa imeiva, wakasifu. Nikaleta kikapu cha kahawa. Unajua desturi ya nyumba yetu: mwenye nyumba hupasua punje ya kwanza kwa meno yake mwenyewe, nusu anakula, nusu anampa mkwe mkononi, ili mkwe ajue hapa hakuna sumu wala kinyongo. Kumpa Mjomba? Mjomba ni ndugu wa mama yako, si mwenye nyumba hii. Babu yako alipasua, mimi nimepasua kwa shangazi zako watatu. Nikaiweka kinywani nikauma.

Jino likalala. Halikuuma hata kidogo, ndilo lililonitisha. Likalala kama mlevi, na damu ikajaa. Nikafunga mdomo nimeze, wasione. Lakini mkono ulikuwa umekwisha mpa Melkiory nusu yake, na ile nusu ilikuwa nyekundu.

Alitazama kiganja chake. Akasema polepole, "Mama, hii damu inatoka wapi?" Ningesema nini? Kwamba kinywa changu kimeoza? Kwamba nimekuwa nikitema damu nyuma ya migomba miaka mitatu, nikifukia kwa mguu kama paka? Nikakohoa, eti nimepaliwa.

Ndiyo, nilikohoa. Hilo ndilo kosa. Damu, kisha kikohozi. Melkiory akainuka, akafuta mkono kwenye nyasi, akasema, "Twendeni. Nyumba hii ina kifua kikuu." Rubisi wameiacha mtungini. Sasa mpaka Omurushaka wanasema wajukuu wa Kokuberwa wanakohoa damu. Xaveria hachoti tena maji nikiwa kisimani. Kemilembe haimbi. Foronya amezifungia sandukuni, nami ananiita "Bibi" kwa adabu, kama mgeni.

Najichukia, na wao nawachukia zaidi. Nilichagua waniite mwenye kifua kuliko waniite mwenye kinywa kibovu, na mzigo ameubeba mtoto.

Sema unachojua. Si ndicho ulichoendea huko?

Bibi yako


Kampala
24 Julai 1954

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara tatu. Sikucheka, kama ulikuwa unaogopa hilo.

Kiberiti nilimpelekea mwalimu, bila kutaja jina. Alilishika jino, akanionyesha ukoga umelizunguka mpaka karibu na ncha ya mzizi. Alisema mtu mwenye jino hili ana mengine yanayofuata, lakini yaliyo imara yanaweza kuokolewa, kama atakubali kukwanguliwa na kusafishwa. Hiki si kifua, Bibi. Hata hivyo nikifika Bukoba nitataka upimwe na kifua, ili asibaki mtu wa kusema.

Nimeambatanisha karatasi yenye mhuri inayoeleza kwamba damu ile ni ya ufizi. Mpelekee Melkiory. Masomo yanaisha tarehe 14 Agosti. Bado ninadaiwa jambo moja ili nipate cheti: nimtibu mgonjwa mmoja wa ufizi huko nyumbani, tangu mwanzo hadi mwisho, na nimwandikie mwalimu taarifa.

Mjukuu wako,
Yustus


Kanoni
10 Agosti 1954

Mume wangu Yustus,

Hujambo. Kahawa imeanza kuwiva, mikono ni michache, na mimi nimerudi kutoka Rugu kwa miguu na hasira.

Karatasi yako niliipeleka mwenyewe. Melkiory aliisoma, akaishika kwa vidole viwili, akasema, "Mjukuu ameandika, bibi ameleta. Karatasi ingeweza pia kusema wewe ni msichana." Pastory alikuwa amesimama nyuma yake, macho yamemwiva. Kijana anamtaka Kemilembe bado, ndiyo maana sikumwaga matusi yote niliyobeba.

Lakini Melkiory alinikaribia kunirudishia karatasi, na hapo nikapata harufu ya kinywa chake. Yustus! Mbuzi aliyekufia kisimani! Nikamtazama ufizi anavyoongea: mwekundu, umevimba, vile vile kama wangu. Miaka yote hii nafikiri ni mimi peke yangu. Nikamwambia, "Basi tarehe 28, Jumamosi, njoo na wazee wako wale wanne, uone damu inatoka wapi. Nisipokuonyesha, mtafutie mwanao mke kwingine." Amekubali, mbele ya mwanawe.

Kwa hiyo sikiliza. Ukishuka meli usilale Bukoba zaidi ya siku tatu. Panda lori uje. Kifua nitapimwa, sawa, lakini baada ya hapo. Jumamosi asubuhi utaweka kiti uani, kwenye mwanga, nitakaa, nitafungua kinywa, nawe utakwangua huku Melkiory ameinama anatazama. Anuse akitaka. Unajua ninavyoona kinyaa, kwa hiyo usinisemeshe na usinipe pole. Kemilembe atashika beseni, maana ni kwa ajili yake.

Ukimaliza na mimi, osha vyombo vyako kwa maji ya moto, umkalishe Melkiory kwenye kiti kile kile. Akitoka damu nitamuuliza kifua chake kinaendeleaje. Kisha nitaleta kikapu cha kahawa, naye ndiye atakayepasua.

Mgonjwa wa cheti chako niandike mimi, na jina uliandike lote: Kokuberwa wa Kanoni. Lete vile vya kukwangua. Lete chumvi ya kutosha, ya hapa imeisha. Koleo liache Bukoba.

Bibi yako