Jani la Tatu Kwenye Ngao ya Askofu

Baba Chebet,

Ni miezi minne tangu tukuzike, na barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Naona haya hata kuandika jina lako.

Ile ngao ya nembo ya askofu mpya uliyoiacha nusu mezani, niliimalizia mimi. Kofia ya kijani juu, vishada sita vya nyuzi kila upande, kama ulivyonifundisha ukinikemea: "Ukiongeza hata moja umempandisha cheo, na wewe si Papa!" Nilicheka peke yangu nikivihesabu. Yalibaki majani mawili ya chai na chipukizi, aliyoyataka askofu kwa heshima ya mama yake, aliyechuma chai maisha yake yote.

Nikaongeza jani la tatu. Nilijiambia ni Utatu Mtakatifu. Uongo. Nilitaka pawe na kitu changu pale, si chako.

Jumapili iliyopita tuliitundika hapa Roret, kanisa limejaa wachumaji. Kitambaa kilipoondolewa, mama mmoja akapaza sauti, "Ai, hii majani ya tatu karani atarudisha!" Watu wakaangua kicheko. Huku hata mtoto anajua jani la tatu limekomaa, karani wa kituo cha kupimia chai halipokei. Padri akaniuliza nani amechora. Nikasema, "Marehemu."

Ulimi hauna mfupa. Mke wako alikuwa benchi la pili. Baada ya misa alimwendea padri, akaomba msamaha kwa niaba yako: "Macho yake ilikuwa imeanza kuisha, Father." Nami nilikuwa hapo hapo, nimeshika ngazi, nikaibeba nikatoka nje. Macho yako! Wewe uliyeona kishada kimepinda ukiwa bado mlangoni.

Leo asubuhi nimeenda kwako nikamwambia Mama Chebet kila kitu. Hakunitukana. Alisema tu, "Na mimi ndio niliomba msamaha," akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumapili hii, matangazo yakiisha, nitasimama mbele ya wale wale waliocheka. Nitasema jani ni langu na uongo ni wangu. Halafu nitapanda ngazi nilifute wakiniangalia, kabla askofu hajafika. Hiyo nakuahidi.

Kwaheri, mwalimu wangu. Kwa Mama Chebet nitabisha tena. Asipofungua, ni haki yake.

Mwanafunzi wako,
Kiprono